Mbona Hawakumuua Pale Pale?

Wenzangu wa banda la video pale Katoro wameniita mbishi. Sawa. Nilichosema kwa mdomo nakirudia kwa kalamu: Django Unchained, ile picha ya Quentin Tarantino ya mwaka 2012, haina kosa mnalolipigia kelele.

Eti kosa ni hili. Candie keshauawa, Django kajisalimisha ili mkewe asipigwe risasi, wamemning'iniza uchi, kichwa chini miguu juu. Halafu anaachwa hai, anapelekwa kwenye kampuni ya machimbo! Banda zima likaguna: "Aa, stelingi hafi!" Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi chipukizi, akatoa hukumu kwamba mtunzi kachoka.

Jamani, wazo la machimbo lilikuwa la nani? La Stephen, yule mzee mtumwa wa nyumbani. Tunapomwona mara ya kwanza anaandika hundi kwa saini ya bwana wake. Baadaye yuko maktaba, kakaa kitini na glasi mkononi, anamfumbua macho Candie kwamba wageni wanamchezea. Nyumba ile ndiyo enzi yake, na Django kaja juu ya farasi kuibomoa. Mtu kama huyo ataridhika adui yake afe kwa dakika chache? Anataka afe polepole, hana jina, nyundo mkononi, mpaka mgongo ukatike. Adui wa hadithi zetu sisi vijana huwa anamwacha stelingi kwa sababu kurasa bado zimebaki. Stephen ana sababu yake.

Wala msidhani ni wa Mississippi peke yake. Mwaka 1858, picha inapoanzia, Tabora ilikuwa tayari kituo cha misafara ya pembe na watumwa, na baadhi ya walioilinda kwa bunduki nao walikuwa watumwa wa matajiri.

Halafu nyie, watu wa Geita, ndio mnauliza mgodi una adhabu gani! Kaka mmoja nyuma yangu, vumbi la karasha bado nguoni, hakucheka hata kidogo Stephen alipokuwa akiueleza.

Mnasema tena: wale walinzi wa Australia walimpaje mtumwa bastola? Tamaa, bwana. Kawaonyesha tangazo la zawadi ya Smitty Bacall, wakawauliza watumwa wengine kama kweli alifika amepanda farasi, wakajibiwa ndiyo. Na tangazo lile tulishaliona zamani, siku Schultz alipomtaka ampige mtu risasi mbele ya mwanawe. Huku kwetu nimeona watu wazima wakiuza ng'ombe kwa ajili ya jiwe moja lililong'aa, tena bila tangazo lolote.

Pa kunibana ni hapa: mtu kaning'inizwa uchi, hiyo karatasi kaificha wapi? Hapo sina utetezi. Lakini pale bandani hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Mlikuwa mnashangilia baruti.