Umeme wa Uganda kurudi serikalini: chumvi ya Ma'rib na kisima cha Ruma

Wasomaji wetu kadhaa walioko Uganda wametuuliza: serikali ikiichukua tena huduma ya umeme iliyokuwa imeikodisha kwa kampuni binafsi, je, hiyo ni haki au ni kula mali ya watu kwa batili?

Kwanza tuweke sawa habari yenyewe. Shirika la umeme la Uganda, UEB, liligawanywa mwaka 2001 kuwa mashirika matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Mwaka 2005 usambazaji ulikodishwa kwa miaka 20 kwa kampuni iitwayo Umeme (jina hilo ni la Kiswahili). Mkataba ulimalizika tarehe 31 Machi 2025, na nyaya, nguzo na mita zikarudi kwa shirika la umma, UEDCL. Miaka miwili kabla ya hapo mitambo ya Nalubaale na Kiira, pale Jinja, ilikwisha rudishwa na Eskom ya Afrika Kusini.

Wanaoshangilia hutoa hoja ya ile hadithi mashuhuri inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Ni hoja nzuri, lakini haitoshi. Iko nyengine iliyo karibu zaidi na suala hili. Sahaba Abyad bin Hammal (r.a.) alimuomba Mtume (s.a.w.) apewe chumvi ya Ma'rib kule Yemen, akapewa. Alipoondoka, mmoja wa waliokuwepo akaeleza kwamba kile alichopewa ni mfano wa maji yasiyokatika. Mtume (s.a.w.) akairejesha. Kutokana na hapo wanachuoni wetu wa Kishafi wakasema kuwa madini yaliyo dhahiri, ambayo mtu huyachota bila ya kuyachimbua kwa taabu, mtawala hana ruhusa ya kummilikisha mtu mmoja.

Kwa hivyo mto Nile ni chumvi ya Ma'rib. Hakuna aliyeutengeneza, wala hapana mtu wa kulipwa fidia kwa nguvu za maporomoko yake.

Lakini nguzo, transfoma na mita si mto. Hizo zilinunuliwa kwa fedha na zikafungwa kwa kazi ya watu, na mfano wake ni kisima cha Ruma. Waislamu wa Madina walikuwa na shida ya maji, na mwenye kisima alikuwa akiwauzia. Hakunyang'anywa. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kwa mali yake, kisha akakiweka wakfu, wakanywa tajiri na masikini. Shida ya watu haikuifanya mali ya mtu kuwa halali bila ya thamani yake.

Kwa mizani hii, serikali ya Uganda ilifanya jema kusubiri muda uishe. Mwaka 2014 Bunge lao lilitaka mkataba uvunjwe katikati, na haukuvunjwa. Kutimiza ahadi ni amri ya Qur'ani, hata kwa mkataba usioupenda. Mtihani umekuja kwenye malipo ya mtaji ambao kampuni ilikuwa haijaurudisha. Serikali ililipa dola milioni 118, kampuni ikadai zaidi ya mara mbili ya hizo, na mgogoro ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Sisi hatuna vitabu vya hesabu vya kuamua nani mkweli. Tunalosema ni kwamba dai hilo si la kuchekwa kwenye majukwaa. Mwenye hisa nyingi kuliko wote katika kampuni hiyo alikuwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa Uganda wenyewe. Anayesema "wasilipwe hata senti" ajue anamsema pia mwalimu wa skuli na karani.

Upande wa pili, kampuni nayo haikuwa maskini wa kuonewa. Mkataba uliihakikishia faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji wake, na faida hiyo ikaingizwa ndani ya bei anayolipa mteja. Katika fiqhi, faida huandamana na kubeba hasara. Kumdhaminia mtu faida na kumuachia mnunuzi mzigo ni sharti ambalo lisingefaa kutiwa saini tangu siku ya kwanza. Lakini lilitiwa, na waliotia saini walikuwa serikali. Na fedha za kuwalipa zimekopwa benki kwa riba. Huku ni kutoka kwenye moshi na kuingia kwenye moto, na bado atakayelipa ni yule yule mwenye mita.

Tuwe waadilifu pia katika kusifu. Mwaka 2005 umeme uliokuwa ukipotea njiani na kuibiwa ulikaribia asilimia 38. Kampuni iliuacha chini ya asilimia 20, na wateja wakapindukia milioni mbili. UEDCL itapimwa kwa hayo. Sisi Wazanzibari tuna la kusema hapa, maana ZECO ni ya umma, na hata hivyo tulikaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, kwa sababu njia ya umeme kutoka Bara ilikuwa waya mmoja uliochakaa chini ya bahari. Umiliki wa umma haukuufanya waya ule kuwa mpya.

Muulizaji mmoja ameongeza: jirani yake amejiunganishia umeme bila ya mita, na hoja yake ni kuwa sasa ni mali ya wananchi, naye ni mwananchi. Jawabu ni kwamba ushirika ndio unaomzuia. Alipokuwa akiiibia kampuni, alikuwa na mgomvi mmoja. Sasa ana wagomvi mamilioni, wakiwemo mayatima, na hawezi kuwaendea wote kuomba radhi. Anachopaswa ni kuukata waya leo, kukadiria alichotumia na kukilipa kwa shirika, hata kile alichotumia kabla ya Machi 2025, kwani deni lile halikufutwa kwa kubadilika mwenye mali.

Wallahu a'lam.