Mashine haijui Baraka, uiambie vizuri

Vijana wenzetu wa Baraka na Fizi,

Juzi tulitaka afishi juu ya barabara ya Uvira–Baraka. Mega zilikuwa chache, nikaandikia programu ya IA maneno matatu tu: «barabara mbaya Afrika». Ikanipa vumbi jekundu, mti wa mgunga, mtoto mwenye kulia. Twiga tu ndiye alikosa. Hapo ni wapi? Si kwetu.

Ukiiambia «Afrika», mashine inakupa Afrika ya watalii na ya misaada, juu ndiyo imeona sana. Basi nikaandika kile jicho linaona: barabara ya udongo, matope ya mvua, kushoto ziwa pana, kuume milima ya kijani, lori limezama hadi ekseli, mama wa kitenge amebeba beseni kichwani, saa kumi na mbili asubuhi, picha ipigwe kwa mbali kidogo. «Ndagala» haikuelewa kabisa. Nikasema samaki wadogo weupe wa kung'aa, urefu wa kidole. Niko na diplome, kazi hakuna, kwa hiyo muda wa kurudia mara kumi na tano ninao. Kifaransa mara nyingi inakisikia kuliko Kiswahili. Maneno ya afishi usiiachie, inaweza kuharibu herufi. Yaweke mwenyewe kisha. Kwa video, omba tendo moja tu: mama anavuka matope, kamera imesimama. Ukiomba matano, miguu inageuka mitatu.

Sasa iko jambo zito. Mwenzetu mmoja aliomba tutengeneze vilevile «foto» za Makobola. Tulikataa, na tunakataa hapa mbele ya wote. Watu waliuawa kule mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, inaandika zaidi ya 800. Anayekana mauaji yale anangoja picha moja tu ya uongo, mkono wa maiti wenye vidole sita, aseme hata wafu wetu tuliwatunga.

Kwa hiyo kuanzia leo, picha yoyote ya IA tunayotoa itaandikwa pembeni, kwa herufi za kusomeka: «Imechorwa na mashine». Ya kuchora wazo, sawa. Ya kushuhudia, hapana. Na ile afishi ya barabara tumeisimamisha. Anayepita kule wiki hii ashuke kwenye moto, apige foto ya matope yenyewe, aandike mahali na tarehe, atutumie.