Parkingi ya Kpandroma: kuhesabu nafasi kwanza, kuadhibu baadaye

Ugomvi juu ya mahali pa kusimamisha pikipiki unaonekana kuwa jambo dogo katika jimbo la Ituri. Kuna wakimbizi wa ndani wanaongoja kurudi vijijini, kuna barabara zinazofungwa kwa sababu ya usalama, kuna shule zilizobomolewa. Nani atapata muda wa kujadili parkingi? Lakini katika kituo cha biashara kama Kpandroma, jambo hilo dogo linagusa chakula cha kila siku cha motari, mama muuza maharagwe, mwenye duka na dereva wa lori. Likiachwa bila utaratibu, linaleta ugomvi ambao hakuna anayejua utaishia wapi.

Kpandroma iko katika sekta ya Walendu Pitsi, teritwari ya Djugu, kaskazini mwa Bunia, kwenye nchi ya milima na baridi inayootesha maharagwe, viazi na kabichi. Mazao hayo yanateremka Bunia, na bidhaa za Uganda zinaingia kwa upande wa Mahagi. Siku ya soko vyote hukutana mahali pamoja: lori linaloshusha magunia, pikipiki zinazongoja abiria, kinga zilizobeba makaa, na wauzaji waliotandaza bidhaa chini pembeni ya barabara. Pikipiki zimeongezeka mwaka hadi mwaka, lakini barabara haikupanuka.

Nani anapanga msongamano huo? Katika sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, si serikali. Ni wamotari wenyewe. Neno parkingi kwao halina maana ya mahali tu. Ni kundi la watu. Parkingi ina prezidenti wake, katibu wake, mtunza pesa wake na mtu wa nidhamu. Inapanga zamu ya kubeba abiria. Mwanachama akianguka na pikipiki, wenzake wanachanga pesa za hospitali. Akifiwa, wanakwenda matangani pamoja. Wengi wa viongozi hao hawalipwi mshahara. Wanafanya kazi hiyo kati ya safari moja na nyingine, na kila dakika wanayosimama kupanga wenzao ni dakika ambayo hawakubeba abiria.

Hilo ni jambo la kusifiwa. Pahali ambapo hakuna mistari iliyochorwa wala kibao cha kuonyesha pa kusimama, vijana hawa wameweka utaratibu kwa mikono mitupu. Ndiyo maana makosa yao yanapaswa kusemwa wazi: parkingi ikiharibika, hakuna kingine cha kuishika nafasi yake.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Parkingi nyingi huomba ada ya kuingia kwa kila motari mpya. Ada hiyo ndiyo inayonunua jile, ndiyo inayosaidia mgonjwa, na kwa hiyo kila mwanachama mpya ni furaha kwa sanduku. Lakini mahali penyewe hapaongezeki. Kama pembe ya barabara inaweza kupokea pikipiki 20 bila kuziba njia, na komite imeandikisha 50, basi 30 zitasimama barabarani, hata kama kila motari ana adabu ya malaika. Baada ya hapo lawama zinaanza: mara ni mama wa nyanya aliyesogea mbele, mara ni mwenye lori, mara ni vijana wasiosikia. Ukweli ni kwamba komite iliuza nafasi ambayo haikuwa nayo.

Hakuna faini inayoweza kuponya kosa la namna hiyo. Dawa yake ni kamba ya kupimia. Komite ipime mahali pake, ihesabu pikipiki zinazoingia humo bila kugusa njia ya magari wala ya waendao kwa miguu, kisha iandike idadi hiyo. Wanaozidi wasifukuzwe, wafunguliwe parkingi ya pili mbali kidogo na soko, na zamu zizunguke ili asiwepo wa kubaki siku zote upande usio na abiria. Hesabu hiyo ifanywe siku ya soko, si siku ya kawaida, kwa sababu shida iko siku hiyo.

Kosa la pili ni kuchanganya komite na polisi. Mtu wa nidhamu anaona pikipiki ya mgeni imeziba njia. Anapaza sauti, hasikilizwi. Mwishoni ananyang'anya funguo, au anatoa upepo katika gurudumu, au anadai pesa ndipo aachie. Hapo mtu wa kujitolea amegeuka barieri nyingine, na raia wa Ituri wanazijua barieri vya kutosha.

Sheria haikumpa uwezo huo. Usafiri wa barabarani nchini unafuata sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na kuadhibu anayeivunja ni kazi ya maofisa waliopewa mamlaka na serikali. Komite ina nguvu juu ya wanachama wake tu, na kwa kanuni walizozikubali wao wenyewe. Inaweza kumrudisha mwanachama nyuma ya foleni. Inaweza kumsimamisha zamu siku moja, na akirudia, siku tatu. Lakini kwa mfanyabiashara aliyetoka Mahagi na gari lake, au motari aliyepita tu, kazi ya komite ni kumwonyesha pa kusimama kwa heshima na, akikataa, kuita polisi. Kushika mali yake ni kuvunja sheria kwa jina la kuilinda.

Adhabu za wanachama nazo zina mpango wake. Kosa la kwanza ni onyo, la pili ni kupoteza zamu, la tatu ni kusimamishwa. Komite inayoanza na adhabu kubwa haina pa kwenda mtu akirudia, na mara nyingi inaishia kusamehe wenye nguvu na kuwakandamiza wanyonge.

Kosa la tatu ni pesa zisizo na daftari. Michango ya asubuhi ni midogo kwa kila mtu, lakini kwa mwezi inakuwa kitu. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayotawala mashirika yasiyo na lengo la faida, inasema shirika la namna hiyo halitafuti kuwatajirisha wanachama wake. Hata parkingi ambayo bado haina karatasi za serikali ingefanya vizuri kujipima kwa kipimo hicho. Anayepokea pesa asiwe yeye anayeamua zitumiweje. Kila mchango uwe na risiti, hata kama ni kipande cha karatasi chenye muhuri. Na mara moja kwa juma, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kiasi kilichobaki. Prezidenti anayefanya hivyo hahitaji kuapa kwamba ni mwaminifu.

Wapo wanaosema shida yote ni kujitolea: mtu asiyelipwa hawezi kufanya kazi vizuri, basi alipwe. Wana sehemu ya haki. Mlinzi anayesimama juani kutwa nzima siku ya soko anastahili posho, na posho hiyo iandikwe katika daftari. Hatari iko katika namna ya kumlipa. Akilipwa kwa siku, atataka siku ipite bila fujo. Akilipwa sehemu ya kila faini, atatafuta wenye makosa, na wasipopatikana atawatengeneza. Posho ya siku ni sawa; fungu la faini lisikubaliwe kamwe.

Wengine wanasema jambo hili waachiwe wakubwa. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na kwa baadhi ya watu njia fupi ya kumaliza ugomvi ni kumwita mwenye sare. Njia hiyo ni fupi lakini ni ya hatari. Askari aliletwa kulinda raia dhidi ya wenye silaha. Akiitwa kuamua pikipiki gani itangulie, bunduki inaingia katika ugomvi wa faranga chache, na atakayeshindwa leo atatafuta mwenye bunduki wake kesho.

Na hapa ndipo uzito wote wa jambo hili ulipo. Djugu ilipita katika vita vya 1999 hadi 2003. Mauaji yakarudi mwezi wa Desemba 2017, na hadi leo kuna familia ambazo hazijalala katika nyumba zao. Mahali watu walipozika wengi namna hiyo, ugomvi hubadilisha jina upesi. Asubuhi ni pikipiki ya fulani iliyozuia duka la fulani. Jioni, ikipita vinywani mwa watu, inakuwa ni watu wa upande huu waliowanyima watu wa upande ule. Si kweli kwamba kila kelele ya sokoni ni ya kikabila. Nyingi ni za njaa na joto la kazi. Ndiyo sababu ya kuzimaliza zikiwa bado kelele.

Komite ya parkingi inaweza kusaidia jambo hilo au kuliharibu. Italiharibu kama viongozi wote wanatoka ukoo mmoja, au kama prezidenti anaamua kesi ya ndugu yake. Italisaidia kama kanuni ni moja kwa wote, imeandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, imebandikwa panapoonekana, na kama kiongozi mwenye undugu na mshitakiwa anakaa pembeni siku hiyo. Zaidi ya hayo, wamotari wasikae peke yao mezani. Wauza soko, wenye maduka, wenye malori na wenye kinga wote wanatumia barabara hiyo hiyo. Kanuni iliyotungwa na wamotari peke yao itawapendelea wamotari, na mama wa mboga ataendelea kusukumwa kwenye matope.

Tatizo hili si la Kpandroma peke yake, wala si la maskini peke yao. Nchini Kenya, wenye nyumba katika majengo ya ghorofa husimamia pamoja ua, ngazi na pa kuegesha magari, na sheria ya mwaka 2020 imewapa namna ya kuunda chombo chao cha pamoja. Huko pia wanaoongoza ni majirani, na mmoja mwenye magari mawili akichukua nafasi ya mwenzake, salamu hukatika. Mjini Kampala, vituo vya bodaboda vina wenyeviti wao, wanaotoka miongoni mwa waendeshaji wenyewe. Mmarekani Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia kwa pamoja misitu, maji na malisho. Aliona kwamba wanaofaulu wana mambo yanayofanana: wanajua mipaka ya mali yao na nani ana haki juu yake, wanashiriki kutunga kanuni, wanasimamiwa na watu wanaowajibika kwao, wanaadhibu kidogo kidogo, na wana mahali pa karibu pa kumaliza ugomvi. Pembe ya barabara sokoni haina tofauti kubwa na malisho ya kijiji. Ikikosa mipaka, kila mmoja anaila hadi inaisha.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wanaojitolea. Wakuu wa sekta wana wajibu wa kuonyesha wapi panafaa kuwa parkingi na wapi hapafai, na kuiandika nafasi hiyo ili isiuzwe kesho kwa mwenye kibanda. Mawe yaliyopakwa chokaa yanatosha kuchora mpaka. Hayangoji msaada kutoka Kinshasa. Malori yapewe saa zake za kushusha mzigo asubuhi mapema, kabla soko halijajaa. Na njia moja ibaki wazi siku zote, bila pikipiki, bila gunia, bila meza. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali ya Rethy siku ya soko hawezi kungoja wamotari wamalize kubishana.

Kama wanaotoza kodi za soko wanachukua pesa kwa wauzaji na kwa magari, sehemu ya pesa hizo irudi kwenye udongo huo: mfereji, changarawe, kibao. Ni vigumu kumwambia motari asisimame barabarani wakati pembeni pote ni tope la kufika magotini.

Wamotari wa Kpandroma na wa vituo vingine vya Djugu hawahitaji kungoja semina. Siku ya soko ijayo wanaweza kuchukua kamba, kupima mahali pao, na kuandika idadi moja kwenye ubao mbele ya wote. Idadi hiyo itaudhi baadhi ya watu. Itapunguza ada za kuingia, na itamlazimisha prezidenti kumwambia rafiki yake kwamba pamejaa. Lakini kila kanuni nyingine itasimama juu yake, na bila hiyo wanaojitolea wataendelea kupoteza jua lao wakigawa nafasi ambayo haipo.