JIKO LIKIFUNGWA MAPEMA, NANI AULIZWE?

Ndugu wafanyakazi,

Wengine watauliza, sisi watu wa reli tuna habari gani na mahoteli ya Garissa, mahali ambapo garimoshi halijafika? Ni kweli, reli ya kutoka Lamu kwenda Isiolo, iliyo katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa tarehe 2 Machi 2012, mpaka leo haijajengwa. Lakini taabu ya mtumishi wa meza ni moja, awe ndani ya behewa au ndani ya hoteli. Treni ikichelewa, wa kwanza kutukanwa ni yule aliyeshika sahani.

Tukumbuke yaliyopita. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ilitoa amri ya kutotoka nje usiku katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, tangu saa 12.30 jioni mpaka saa 12.30 asubuhi. Amri nyingine ilikuja tarehe 27 Machi 2020 kwa sababu ya Korona, nchi nzima, tangu saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Ramadhani ikaingia mwezi wa Aprili mwaka ule. Hata jiko lililoruhusiwa kupika lilikuwa na nusu saa hivi tangu jua kuzama: tende, uji, sambusa, wali na nyama ya ngamia, kisha kila mtu awe kwake.

Hatuzilaumu amri hizo. Roho ya mtu ni kubwa kuliko sahani ya wali. Sisi twasema juu ya hesabu inayofuata. Chakula cha jioni kikikatwa, zamu ya jioni hukatwa. Zamu ikikatwa, mshahara hupungua. Je, bei ya chumba nayo hupungua?

Mtazameni mgeni. Ametoka Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi, anakwenda mkutanoni au kazini Dadaab. Amelipia chumba kizuri na milo mitatu. Afika usiku, jiko limepoa, apewa chai na mkate. Akikasirika ana haki. Lakini amkasirikia nani? Mtumishi ambaye hakupanga bei wala hakufunga jiko.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kuelezwa habari anazohitaji juu ya kile anachokinunua. Kifungu cha 41 chatupa sisi haki ya malipo ya halali, hali njema ya kazi, na kujiunga na chama. Vifungu hivyo vimo katika kitabu kimoja, wala havigombani. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema masharti ya kazi yakibadilishwa, mfanyakazi ashauriwe na aandikiwe. Akiachishwa kwa kuwa kazi imepungua, chama kipewe notisi ya mwezi mmoja, naye alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika.

Kwa hiyo twawataka matajiri wa mahoteli mambo matatu:

1. Chakula kikipunguzwa, bei ipunguzwe, na mgeni aambiwe kabla hajalipa.

2. Zamu isikatwe kabla ya mazungumzo na barua.

3. Tangazo la saa za jiko libandikwe mlangoni, na chini yake sahihi ya meneja, ili mgeni ajue wa kumwuliza.

Amri ya Korona iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Hofu yetu ni kwamba tajiri aliyeonja faida ya jiko lililofungwa mapema ataona uzito kulifungua tena.

Nanyi ndugu, msimjibu mgeni kwa ukali, mwonyesheni tangazo. Nasi tukiwa wageni, tusimtukane mwenzetu aliyeshika sahani.

Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyo si tajiri peke yake. Ni mpishi, ni dobi, ni bawabu, ni mtumishi wa meza. Nao wapone.

Umoja ni nguvu.