Ndege kugonga ndege: Bata wa Marekani walirudishwa, noma ikaanza

Msee, ukipita Nyayo Stadium unawaona wale marabou wamejaa kwa miti. Sasa fikiria mmoja akiingia kwa injini ya ndege inashuka Wilson.

Wamarekani wanaijua hiyo balaa. Kuna bata bukini wakubwa wa Kanada, watu walidhani wameisha kabisa, hadi 1962 wakapatikana Rochester, Minnesota. Majimbo yakawazalisha na kuwasambaza. Mazee, wakapenda maisha! Nyasi za gofu, vidimbwi vya mtaa, hakuna wa kuwawinda. Wengi hata hawahami tena.

Bata anaweza fanya nini? Alaska, 1995: bata bukini waliingia kwa injini za ndege ya jeshi ikipaa, watu 24 wakadedi. New York, 2009: injini zote mbili zikazima, rubani Sullenberger akatua kwa mto Hudson, wote 155 wakatoka hai.

Baada ya hapo, bata wakaaji wa karibu na viwanja vya New York wakauliwa kwa wingi. Lakini cheki: manyoya yalipimwa, na wale wa Hudson walikuwa wahamaji kutoka Labrador. Wenyeji walibeba msalaba wa wageni.

Kwa maoni yangu, swali si kurudisha ndege, ni chakula chao unakiweka wapi. Mpango wa kuhamisha dampo la Dandora hadi Ruai ulipingwa na watu wa viwanja vya ndege, juu taka huvuta marabou na JKIA iko hapo karibu. Taka bado zinamwagwa Dandora.