Kesi ya kutajwa, nauli ya Madaba

Leo niseme la video. Wengi mkisikia simu ya video mnawaza shangazi aliyeko Uingereza, enzi zile za Skype pale intaneti kafe, picha imeganda mdomo wazi. (Skype yenyewe ilianza 2003, ikazimwa Mei 2025. Alale pema.) Mie namuwaza mkulima wa mahindi wa Madaba mwenye rufaa ya shamba Mahakama Kuu, Songea.

Kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu shauri kusikilizwa kwa video. Safi. Lakini siku nyingi kesi haisikilizwi, inatajwa tu: dakika tano, tarehe nyingine, nenda. Kwa wakili wa mjini ni hatua chache. Kwa mtu wa Madaba ni basi la alfajiri, nauli kwenda na kurudi, pengine na gesti. Akikosa nauli, rufaa inaweza kufutwa kwa kutofika. Shamba ndo basi tena.

Msiniambie atumie simu yake. Video inakula bando, na mtandao ukikatika jaji atajuaje kama ni mtandao au mtu kaingia mitini? Na shahidi akiwa sebuleni kwake, nani yuko nyuma ya kamera anamnong'oneza? Mie nataka chumba kimoja palepale Madaba, si wana halmashauri yao: kamera, spika, umeme wa akiba na karani wa mahakama wa kumtambua mtu. Tuanze na kutajwa, ushahidi baadaye.

Mawakili mnaopita hapa, kuna kinachozuia?