Dawa ya nyoka ipimwe kabla ya kununuliwa

Mkulima wa Mbalizi anaponunua mbegu ya mahindi hutafuta nembo ya TOSCI kwenye mfuko. Akishuku mbolea, huikataa dukani. Lakini siku akiumwa na kifutu shambani, dawa atakayodungwa huipokea kwa imani tu, ingawa bei yake inaweza kumaliza magunia yote aliyoweka stoo. Na kwa sumu ya kifutu, mara nyingi chupa moja haitoshi.

Tanzania haitengenezi dawa hiyo. Huko inakotengenezwa, farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kinga huchukuliwa kutoka katika damu yake. Kwa hiyo dawa hufuata nyoka aliyetoa sumu. Ya nyoka wa Asia haiwezi kutegemewa kwa nyoka wa Afrika, hata kama chupa zinafanana.

Ghana walijifunza hilo kwa hasara. Mwaka 2004 hospitali moja ya vijijini ilibadilishiwa dawa, na vifo vya walioumwa na nyoka vikapanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa nayo iliacha kutengeneza dawa yake ya Afrika mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda mwaka 2016. Pengo kama hilo huwapa nafasi wauzaji wa kila aina.

Kipimo cha kawaida ni kudunga panya wengi sumu na dawa, kisha kuhesabu wanaokufa. Ni ghali, na panya huteseka. Siku hizi maabara zinaweza kuanza na seli za binadamu zilizooteshwa katika trei yenye vishimo 96. Kila kishimo hutiwa sumu kwa kiwango tofauti, peke yake au pamoja na dawa. Baadaye hutiwa rangi ya njano, ambayo seli zilizo hai huigeuza zambarau. Palipobaki njano, seli zimekufa. Mtu wa maabara husoma majibu bila kuua panya hata mmoja.

Kwa njia ya seli, watafiti wa Sydney na Liverpool walitangaza mwaka 2024 kwamba heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupunguza kuoza kwa nyama kunakoletwa na sumu ya swila atemaye mate. Hiyo ni habari kubwa kwa anayetegemea mikono na miguu kulima, ingawa bado haijawa tiba ya hospitalini.

Hata hivyo, seli hazisemi yote. Sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu na kuzuia pumzi, jambo ambalo seli za ngozi haziwezi kulionyesha. Panya hawajaondolewa kabisa. Lakini dawa iliyoshindwa kwenye trei dhidi ya kifutu haina sababu ya kufika kwa panya, sembuse kwa mgonjwa.

Mbeya hakuanzwi na sifuri. NIMR ina kituo cha utafiti chenye maabara, na TMDA ndiyo yenye mamlaka ya kukagua dawa. Kinachokosekana ni sharti katika zabuni, kwamba muuzaji aonyeshe majibu dhidi ya sumu ya kifutu na swila wa Tanzania. Gharama ya kipimo ailipe yeye, kama kampuni za mbegu zinavyolipia ukaguzi wa TOSCI.